Picha Isiyo na Mtu

Mwaka sabini na saba, polisi wa kabila la Waacholi, lililoshukiwa na serikali ya kijeshi, walipoanza kuitwa makao makuu mmoja mmoja wasirudi, Okullo alitoroka. Alimwachia mkewe, Akidi, maagizo mafupi: akiulizwa aseme wamegombana, mume amehamia kwa mwanamke mwingine. Akidi aliteremsha ukutani picha ya Okullo aliyopigwa akiwa na sare ya polisi, akaitia motoni. Ndipo alipoona shida. Ukuta ulikuwa umeshika moshi kwa miaka, na pale ilipokuwa picha pamebaki mraba mweupe. Yeyote angejua kuna kitu kimeondolewa juzi tu.

Akaenda mtaa wa Nateete kwa Saverio, aliyeuza vyombo vya watu waliohama nchi, kutafuta picha yenye fremu. Bikira Maria alikuwa mdogo mno. Picha ya waziri ilitosha, lakini Saverio aliirudisha upesi chini ya meza. Mheshimiwa yule hakuwa waziri tena. Mwisho akatoa tangazo la maonyesho ya sanaa yaliyofanyika Paris zamani, nakala iliyochapwa upya na kutiwa kioo: vipande vyeusi na vyekundu, duara la njano, maneno ya Kifaransa chini.

"Ni picha ya nini?" Akidi aliuliza.

"Si ya kitu, mama. Aliyeniuzia alisema ndivyo ilivyokusudiwa."

Haikuwa na uso wa mtu, wala bendera. Akidi akainunua.

Askari wawili walikuja Jumapili, yeye na watoto wametoka tu kanisani. Walipekua vitanda na masanduku, kisha mkubwa wao akasimama mbele ya ile picha.

"Hii kitu ni ramani?"

Akidi akamweleza kuwa ni tangazo la picha za Ulaya, na kwamba alipenda rangi zake. Askari hakuridhika. Akaing'oa msumarini atazame nyuma, na ule mraba ukabaki wazi.

"Hapa ilikuwa nini?"

Akidi alijiona ameisha. Uongo mwingine haukumjia.

"Picha ya bwana yangu, afande. Niliichoma."

"Kwa nini?"

"Yuko kwa mwanamke mwingine. Mimi ameniachia watoto."

Machozi aliyoyazuia tangu Okullo aondoke yakamtoka, akashindwa kuyakomesha. Askari mdogo alicheka. Mkubwa akamwuliza mwanamke huyo anakaa wapi. Akidi akasema amesikia ni mtaa wa Bwaise, nyumba haijui. Yule mtu akaitundika picha kombo, wakaondoka.

Akidi hakungoja wamkose Bwaise warudi. Kesho yake alipanda basi la Busia, kwenye mpaka wa Kenya, na jirani yake Adero, Mkenya mwuza samaki, ambaye mpakani alisema huyu ni mdogo wangu na hawa ni wanangu. Nyumba waliiacha kama ilivyo.

Okullo alikuwa Kisumu, kama alivyomnong'oneza mkewe kabla ya kutoroka, akibeba magunia bandarini, amekonda hata mtoto mdogo akamwogopa. Jioni ile watoto walikuwa na njaa, na Akidi akauliza unga uko wapi.