Kiungo cha Waya wa Spika

Jumamosi asubuhi mgane alisimamisha pikipiki katikati ya ua, akasukuma beseni chini ya injini, akalegeza nati ya chini na kuiacha oili ichuruzike. Beseni lilikuwa la kufulia. Marehemu mkewe asingekubali, lakini marehemu alikuwa makaburini, na aliyekuwepo ni shemeji tu, mdogo wa marehemu, aliyekuja kukaa naye kwa sababu nyumba hii ilikuwa karibu na zahanati na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa mwisho. Alikaa kizingitini akichambua maharage.

"Shemeji, hilo beseni utalisugua mwenyewe."

"Nitalisugua."

"Kama ulivyoisugua sufuria."

"Sufuria ilikuwa ajali."

Akafungua kava ya kushoto. Ndani, koili ya kuchajia, ile duara ya nyaya za shaba inayozaa umeme injini inapozunguka, ilikuwa imeungua upande mmoja, nyeusi kama hiyo sufuria yenyewe. Akaing'oa. Akakwangua gasketi kuukuu, ile karatasi ya kuzibia kava, kwa kisu cha mkate; shemeji alikiona kisu, akashusha pumzi, akarudi kwenye maharage. Koili mpya ikakaa vizuri. Nyaya zake tatu za njano akazipitisha chini ya tangi mpaka chini ya kiti, akazichomeka kwenye rektifaya mpya, kile kidude chenye mapezi ya alumini kinachoupokea umeme wa koili, kuunyoosha, na kuipimia betri kiasi chake. Kila kiungo alikilehemu kwa risasi akakivika mpira. Ilikuwa kazi ya kujisifia, isipokuwa kiungo kimoja, kile cha mwisho kabla ya betri. Hapo palikuwa na vipande vya waya wa spika vilivyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Hicho alikitazama, akakifunika na kiti. Akajiambia kinafanya kazi, hakina neno. Ndivyo mtu anavyosema akiwa hataki kugusa kitu.

Akapiga kiki. Injini ikakohoa mara mbili, kama kawaida yake, ikashika. Akaweka mita ya umeme kwenye nyaya za koili: umeme upo, tena wa kutosha. Akaweka kwenye rektifaya: upo. Akaweka kwenye betri: hakuna kilichofika. Akavuta mafuta mpaka kuku wa jirani wakahama. Mita haikusogea.

Alikuwa bado amechuchumaa anaikazia macho mita hiyo, wakati mkunga wa zahanati alipoingia uani bila kubisha, koti jeupe limefungwa vifungo upande.

"Ni wewe unayewasha pikipiki tangu saa nne?"

"Ni mimi. Kelele?"

"Kelele si kitu. Taa ya chumba cha kujifungulia imewaka."

"Wamerudisha betri?"

"Nani arudishe? Taa imewaka yenyewe. Ikakohoa mara mbili kwanza. Nikasema, hicho kikohozi nakifahamu, kila siku kinapita mlangoni kwangu. Halafu chumba kikaanza kunuka petroli. Hebu zima kidogo."

Mgane akazima. Mkunga akampigia simu mfagizi aliyemwacha kule. "Imezimika? Haya." Akamgeukia mgane. "Washa." Mgane akawasha. "Imewaka? Haya." Akakata simu. "Basi nimekuja kuuliza ratiba. Mama wa kwanza nina miadi naye saa nane, nataka nijue kama utakuwepo."

Mgane akasema atakuwepo.

Lazima lisemwe neno kuhusu chumba hicho. Zahanati ilijengwa na watu walioko juu, na watu walioko juu hawajifungulii stoo. Chumba cha kujifungulia kilikuwa stoo. Hakina dirisha, saa sita mchana ndani unapapasa ukuta. Paneli za sola ziliwekwa paani, picha zikapigwa, kisha mkubwa wa afya akazichukua betri kwa matengenezo. Matengenezo yalifanyika sebuleni kwake, ambako televisheni haijazimwa tangu siku hiyo. Mke wa mgane alipolazwa humo, mkunga alimhudumia huku ameuma simu kwa meno ili apate mwanga, na simu ikaisha chaji damu ikiwa bado inatoka. Mama akafa, na mtoto akamfuata mama yake. Makaburini mgane alisimama akawataja wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, watu wakaitikia "kweli kabisa," na ilikuwa kweli kabisa. Ukweli huo ulimkaa vizuri mdomoni. Ule mwingine aliumeza.

Ule mwingine ulikuwa hivi. Siku chache kabla ya hapo, waya wa betri ulikatika, na alipokuwa anauunga mechi ilikuwa inaanza kwa jirani. Kuwasha jiko, kupasha chuma, kulehemu, mpaka amalize wenzake wangekuwa wameshashangilia bao. Akang'oa kipande cha waya kwenye spika mbovu, chembamba kama uzi wa kushonea viatu, akasokota, akapiga tepu. Nitakirudia wakati wa mapumziko, alisema. Timu yake ilikuwa inaongoza. Hakukirudia. Siku ya uchungu wa mkewe pikipiki ilizimika katikati ya safari, waya umeyeyuka. Mwanamume mwingine angeitupa mtaroni akambeba mkewe. Yeye aliwaza wezi. "Tangulia polepole, mama watoto," alimwambia, "naikokota, nakuja nyuma yako." Mkewe akatangulia polepole, akishika kiuno, akisimama, akienda tena. Walipofika, mgane aliiegemeza pikipiki getini, na waliopita wakaiona hapo, wakasema: jamani, alimkimbiza, basi tu. Baadaye, ili apate kurudi nyumbani, alivisokota tena vipande vilevile, akaongeza tepu.

Saa nane mama wa miadi alijifungua kwenye mwanga mweupe uliokuwa unanguruma kidogo. Kesho yake wakajifungua wawili. Mgane alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kwenye mafuta, kwa maana akilegeza taa ilififia. Hapakuwa na aliyeshangaa. Watu walichouliza ni kama petroli itatosha, na waliopata mtoto wakamletea chupa ya petroli.

Lakini pikipiki yenyewe haikuchaji. Betri ilikuwa inakwisha, na bila betri haendi kazini. Siku moja injini ikinguruma alinyanyua kiti, akakigusa kiungo kwa kidole kimoja. Kilikuwa na joto kama shavu la mtu mwenye homa. Simu ikalia papo hapo. "Mkono utoe!" mkunga akafoka. "Nina mtu mezani!" Akautoa. Sasa alijua umeme unapitia wapi. Akikikata na kulehemu waya mnene, pikipiki itachaji na stoo itarudi gizani.

Akawasha jiko la mkaa, akaweka chuma cha kulehemu ndani ya makaa. Alijidanganya kwamba anataka kurudi kazini. Kwa kweli hakutaka tu kukiona tena. Kila akinyanyua kiti kilikuwa pale, kimejikunja kama mdudu, na tepu zake mbili, ya kwanza na ya pili.

"Unakata nini, shemeji?" Alikuwa amesimama nyuma yake, mikono chini ya tumbo.

"Kiungo kibaya hiki."

"Kibaya vipi, na ndicho kinachowasha taa?"

"Kimefungwa ovyo. Waya wa spika, hauna hata risasi."

"Nani alikifunga?"

Makaa yalipasuka kidogo. "Fundi mmoja hivi."

"Fundi gani?"

"Siku hizi hayupo."

Shemeji akakiinamia kiungo, kwa shida, akakitazama kama anavyotazama mtu picha ya ndugu. "Mungu ambariki popote alipo," akasema. "Angekifunga mapema, dada yangu angekuwa hai. Usikikate, shemeji. Mimi zamu yangu inakuja. Wewe dada ulimkimbiza, ulifanya la mume. Mimi usinikimbize, niwashie taa tu."

Mgane akakitoa chuma kwenye makaa, akakitia kwenye maji, kikalia.   Akakirudisha kiti juu ya kiungo.

Zamu ilifika mchana wa jua kali. Muuza mkaa wa mtaa ule alileta mkokoteni wake, akatandika magunia, shemeji akapanda akiwa ameuma kanga.

"Usinirushe kwenye mashimo," alimwambia.

"Mama, gunia langu la mkaa likimwagika nalia siku mbili. Wewe je?"

Wakaenda. Mgane akapiga kiki, taa ikakohoa kule zahanati, ikashika. Alivuta mafuta. Uchungu ulikuwa mrefu na injini ikapata moto, na tepu ikaanza kulainika, ya pili kwanza, halafu ya kwanza, ikachuruzika juu ya betri. Vipande vya waya vikaanza kuachana. Koleo lilikuwa ndani na mkono mmoja ulikuwa kwenye mafuta. Akavibana kwa gumba na kidole cha shahada, akavishika hivyo. Ngozi ilinuka kabla haijauma. Kisha ikauma. Akaendelea kuvishika, akiita jina la mkewe kwa sauti ambayo injini iliifunika, na akimwambia yale yote, ya mechi, na ya wezi, na ya "tangulia polepole." Injini ilinguruma vilevile. 

Simu ililia jua likiwa limeinama. "Mtoto wa kike," mkunga akasema. "Mama mzima."

"Taa haikuzimika?"

"Iliyumba mara moja, ikawa nyekundu nyekundu. Halafu ikakaa. Unaweza kupumzika."

Vidole vilipotoka, kiungo kilibaki kimeshikana chenyewe, na ndani yake kipande cha ngozi yake.

Habari zilipanda mpaka juu, na juu wakashuka. Mkubwa wa afya alikuja na gari na mpiga picha, akaingia stoo, akaitazama taa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zahanati ikafutwa palepale kwenye orodha ya zile zinazongoja betri, kwa kuwa haikuwa gizani tena. Kisha yeye na mpiga picha wakaletwa uani kwa mgane. Shemeji alikuwepo, amempakata mtoto, na mkono wa mgane ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Betri zetu ziko sebuleni kwako," mgane akasema, kabla ya salamu.

"Mzee wangu, lakini taa inawaka," mkubwa akajibu kwa upole. "Tusirudi nyuma. Hebu tuonyeshe hicho kiungo."

Akanyanyua kiti. Mkubwa akainama, suruali yake nzuri ikigusa vumbi. "Ndicho hiki tu? Na tuna zahanati nyingi gizani. Tunataka vingine kama hiki, kila mahali. Nani alikifunga?"

Mgane alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya wakubwa, mengi, ya miaka, na yote yalikuwa kweli. Nyuma ya maneno hayo palikuwa na neno lake moja tu, na ili yale yatoke lilipasa litangulie hilo. 

"Fundi mmoja hivi," shemeji akamsaidia. "Siku hizi hayupo."

"Atafutwe," mkubwa akasema. "Anahitaji vifaa gani?"

"Waya wa spika," shemeji akasema.

Mkubwa akacheka. "Huo tu? Huo tutaleta."

Na kwa mara ya kwanza tangu zahanati ijengwe, kitu kilicholetwa kilifika. Wiki hiyohiyo gari lilishusha bunda zima la waya wa spika, jipya, limefungwa nailoni, wakamwachia mgane amtunzie fundi mpaka apatikane. Betri hazikuja. Mgane akalitundika bunda ukutani. Kila mwezi anapita mtu wa ofisi, anauliza kama fundi ameonekana, na mgane anamjibu bado, huku anageuza uso, anatia petroli, kwa maana barabarani kuna mwanamke anakuja, amejishika kiuno, anatembea polepole.