Simba Wawili wa Kochi la Kilonzo

"Mto huu umemwagiwa nini?"

"Mto upi?"

"Huu, Mama Lela! Huu ulioanikwa hapa kambani na doa la hina kubwa kama sahani!"

"Aa, huo. Huo ni mto wangu, Baba Kiilu. Nimeufua mwenyewe, nimeuanika mwenyewe. Umekukosea nini?"

Shamsia alijibu akiwa amesimama mlangoni pake, mwiko mkononi, leso kiunoni, uso mtulivu kama wa mtu anayeulizwa habari za mvua. Kilonzo aliutikisa mto pale kambani. Foleni ya bomba yote ilikuwa imegeuza shingo. Ndoo ya mtu ilifurika na hakuna aliyejisumbua kufunga maji.

"Sema basi," Shamsia akamhimiza. "Mto ni wa nani? Sema kwa sauti, hawa wa bombani wasikie, na yule bwana wa serikali anayekuja kuandika mali yako naye asikie huko aliko."

"Mama Lela, wewe unajua na mimi najua."

"Mimi sijui kitu. Mimi mwanamke wa kukaanga bajia sokoni Kariokor, nitajua nini?"

Kwenye foleni mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Alijua sana. Mtaa mzima wa Ziwani ulijua. Mto ulitoka kwenye kochi, na kochi lilitoka kwa Kilonzo, nyumba ya pili upande wa pili wa ua. Kilonzo alikuwa mchonga vinyago, na miaka ile mambo yalipomnyookea alijitengenezea kochi la watu watatu, velveti nyekundu, na kwenye kila mkono wa kochi kichwa cha simba cha mpingo, mdomo wazi, meno nje. Simba wa kushoto alikosa jino moja. Mwanawe Kiilu alilivunja kwa nyundo alipokuwa mdogo. Hata kipofu angelitambua kochi lile kwa kupapasa tu.

Halafu Kilonzo akataka makubwa. Akafungua duka la vinyago mjini, mbao kachukua kwa mkopo, kodi ya duka kwa mkopo, mpaka kibao cha jina kwa mkopo. Mara mpaka wa Tanzania ukafungwa. Mpingo ukakwama upande wa pili, na watalii wakawa wa kuhesabika. Duka likafa. Mwenye mbao akaanza kutuma watu asubuhi na jioni, na mara ya mwisho walimwachia Nthoki, mke wa Kilonzo, ujumbe mfupi: mwambie mumeo atalala ndani.

Hapo ndipo Shamsia alipoitisha kikao cha sheria nyumbani kwake, Jumapili, kwa sufuria ya pilau. Mwenye sheria alikuwa Phares. Phares alikuwa tarishi katika ofisi ya mawakili mjini, na kwa kuwa alishinda akibeba mafaili, Ziwani ilimwita Wakili, naye hakukataa. Hakumtoza mtu hata senti. Alichotaka ni sahani. Ukimuuliza swali sahani ikiwa tupu, alisikia kwa shida. Ukiijaza, masikio yalizibuka.

"Nitafungwa?" Kilonzo alianza na hilo kabla hata hajanawa mikono.

"Hufungwi," Phares akasema akitafuta nyama kwa vidole. "Unaenda mahakamani wewe mwenyewe, unasema umeshindwa kulipa. Jaji akikubali, mali yako inawekwa chini ya afisa wa serikali. Kuanzia hapo mwenye mbao hawezi kukushika shati kwa deni lile. Anangoja fungu lake pamoja na wenzake."

"Na watachukua nini?"

"Vya kuuzika. Shamba, gari, radio, makochi..."

"Kitanda?"

"Kitanda wanakuachia, na matandiko, na nguo zako, na vyombo vya kazi, mradi visiwe vya kitajiri. Patasi zako hakuna atakayezigusa."

"Cherehani yangu?" Nthoki akauliza polepole.

"Ulinunua kwa pesa yako?"

"Yangu mwenyewe. Za kushona yunifomu."

"Basi ni yako. Anayefilisika ni yeye, si wewe."

Lakini Kilonzo hakusikia ya cherehani. Tangu neno "makochi" hakutia tonge jingine mdomoni. Aliinuka, akanawa, akatoka, sahani yake ikabaki nusu, jambo ambalo Shamsia hakulisahau.

Waliobaki walikuwa na maswali yao, na ajabu ni kwamba hakuna aliyejiulizia. Kila mtu alikuwa na rafiki. Kisilu, dereva wa lori aliyekuwa akinunulia watu soda ili wamchague diwani, ndiye aliyekuwa na rafiki mwenye shida nyingi kuliko wote.

"Rafiki yangu anauliza, mtu akifilisika, mahari nayo inafutwa?"

"Mwambie rafiki yako hakuna jaji mwenye roho hiyo."

"Na anaweza kukopa tena?"

"Anaweza. Lakini lazima kwanza amwambie anayemkopesha: mimi ni muflisi."

"Basi hawezi!"

"Umesema wewe."

"Na udiwani? Anaweza kugombea?"

"Hawezi, mpaka mahakama imwachilie."

Kisilu alikasirika kwa niaba ya rafiki yake. Kelele zikazuka, soda zote alizowahi kununua zikatajwa moja moja, watu wakacheka mpaka wakalia. Phares akainua kidole. "Sasa liko jambo kubwa kuliko haya yote," akasema, akatazama sahani yake, akamtazama Shamsia. Shamsia akainamisha sufuria wote waone. Ukoko nao ulikuwa umeliwa. "Basi litangoja," Phares akasema. Kesho yake akaenda likizo kwao Maragoli. Sheria ya Ziwani iliishia pale sufuria ilipoishia.

Na jioni ile ile ya Jumapili, kochi lilivuka ua. "Niwekee tu, Mama Lela," Kilonzo alinong'ona, ingawa watoto wa mtaa mzima walikuwa wanalisindikiza. "Mpaka haya mambo yapite."

Shamsia aliliweka. Na lilivyokaa vizuri! Chumba chake, ambacho siku zote kilikuwa cha mkeka na viti viwili vya kuazima, kikawa baraza. Watu waliopita kwa salamu tu sasa walikaa mpaka chai ya pili. Habari za mitaa ya Kaloleni na Pumwani zilimfikia zikiwa bado moto, bila yeye kuvaa viatu. Akafuma vitambaa vyeupe akawafunika wale simba vichwa. Wageni walipomsifu kwa kochi lake, mwanzoni alisema, "Ah, ni la watu." Wiki iliyofuata alisema, "Ah, ni la kawaida tu." Baadaye akawa anasema, "Asante."

Mtu mmoja tu ndiye aliyeacha kuingia. Nthoki alikuwa akisalimia kutoka nje, akisema ana nguo za kumalizia. Shamsia aliliona hilo, likamchoma kidogo, akaliweka kando kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Mpaka jana, siku ya hina ya arusi ya mpwa wake, wanawake wakabanana juu ya velveti, mikono na miguu ikitota, na leo mto uko kambani.

"Nitaingia nilitazame lote," Kilonzo akasema, akipiga hatua.

"Utaingia kwangu kutazama mali yangu? Kwa kibali cha nani?"

"Mama Lela!"

"Baba Kiilu!"

"Salama hapa?" sauti ya tatu ikauliza. Phares alikuwa amesimama nyuma yao, begi begani, kuku wa kienyeji kwapani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alichungulia ndani kupitia bega la Shamsia, na tabasamu lake likapotea. "Kochi la Kilonzo linafanya nini huku?"

Shamsia alikimbia jikoni akarudi na sahani ya pilau ya wageni wa arusi, imejaa hadi ukingoni, nyama juu. Phares hakuipokea. Alisukuma sahani kando kwa mkono, taratibu, na jambo hilo lilimtisha Shamsia kuliko askari wa aina yoyote.

"Kilonzo, ile orodha ya mali, umeshaiapia?"

"Bado. Afisa anakuja leo mchana. Nitaapa mbele yake."

"Na kochi limo?"

Kilonzo aliutazama mto kambani.

"Basi sikilizeni lile jambo nililosema litangoja," Phares akasema. "Deni halikufungi. Lakini ukificha mali, halafu uape kwamba huna, hilo si deni tena. Ni kosa la jinai, na utalala ndani kweli, bila mwenye mbao kuinua kidole. Usiseme ulimpa jirani zawadi. Zawadi ya juzi wanaifuata wanaichukua. Na jirani aliyesaidia kuficha ataitwa naye, aeleze."

"Mbona hukusema siku ile?" Shamsia akapiga kelele.

"Sahani ilikuwa tupu."

Shamsia aliweka mwiko chini. "Baba Kiilu," akasema kwa sauti tamu, "njoo uchukue kochi lako."

"Kochi gani? Si umesema mbele ya watu ni lako?"

"Mimi nilitaja mto! Kochi sikulitaja. Ulizeni bomba zima!"

"Nimekupa. Kaa nalo. Nasikia hata unasema asante."

"Toa simba wako kwangu, mwanamume wewe!"

Wakalishika, yeye upande huu, Kilonzo upande ule, Phares akisukuma kwa goti kwa sababu kuku alikuwa bado kwapani. Likapita mlangoni kwa ubavu, likafika katikati ya ua, na hapo wakalitua kuvuta pumzi, na hapo hapo wakaanza tena. Lako. La, lako. Apa. Apa wewe kwanza. Foleni ilikuwa imeacha ndoo kabisa na kusogea, wengine wamejitwika watoto mabegani wapate kuona.

"Samahani. Nyumba ya Bwana Kilonzo ni ipi?"

Alikuwa mwanamume mwembamba, tai imelegea, faili mkononi, viatu vimejaa vumbi la kutoka stendi. Alijitaja kuwa anaitwa Dishon, ametoka ofisi ya wafilisi. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kochi lilikuwa pale mbele yake, akaketi.

Foleni ikasogea hatua nyingine.

"Kochi zuri," Dishon akasema akijinyoosha mgongo. "Ni la nani?"

"Lake," wakasema Shamsia na Kilonzo kwa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

Dishon aliweka mkono kwenye mkono wa kochi. Kitambaa cheupe kikateleza kikaanguka, na simba akajitokeza, mdomo wazi. Kidole cha afisa kikaingia mdomoni, kikatembea juu ya meno, kikasimama kwenye pengo.

"Na huyu ni wa nani?"

Shamsia alimtazama Kilonzo. Uongo mmoja tu, mdogo, na angetoka pale na pingu. Na yeye Shamsia, aliyekuwa akimchezea tangu asubuhi kama paka na panya, ndiye angekuwa amemfunga.

Nthoki ndiye aliyetoka mlangoni kwake, uzi bado shingoni. "Baba Kiilu," akasema, "mwambie mzee jinsi huyo simba alivyovunjika jino."

Kilonzo akainama, akaokota kitambaa, akakikunja vizuri. "Mwanangu alimpiga nyundo," akasema. "Kochi ni langu, mzee. Nililichonga mwenyewe. Niliogopa, nikaliweka kwa jirani. Hakujua ubaya wake. Hata mimi sikuujua. Liandike."

Dishon akafungua faili na kutoa kalamu mfukoni. "Kabla ya kiapo," akasema, "mtu anaruhusiwa kukumbuka. Ukikumbuka baada ya kiapo, unakumbukia mbele ya hakimu. Una bahati limenikuta likirudi, si likienda." Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Kochi moja, velveti. Simba wawili. Jino moja halipo. Mto mmoja... huu mto umefanya nini?"

"Hina," Shamsia akasema. "Lakini inatoka, mzee. Nipe ndimu na siku mbili za jua."

Kochi likaingizwa kwa Kilonzo lingoje lori la serikali. Dishon akapita vyumbani, akatazama kitanda akakiruka, akatazama cherehani akamuuliza Nthoki mawili matatu akairuka, akazigusa patasi moja moja, akazirudisha. Kilonzo akaapa mlangoni pake, mkono juu, na foleni nzima ikasikia kila neno. Yule mwenye ndoo iliyofurika ndiye aliyepiga makofi.

Afisa alipofunga faili, Kilonzo alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amechoka lakini mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Harufu ya pilau ilikuwa imevuka ua.

"Mzee, swali la mwisho," akasema. "Nikila kwa jirani, na hilo linaandikwa?"

"Kilichofika tumboni hatuuzi," Dishon akajibu.

"Hata mimi ningejibu hivyo hivyo," Phares akasema, na sasa ndipo alipoipokea sahani yake.

Shamsia aliingia ndani. Mahali pa kochi palikuwa peupe, sakafu ina alama za miguu yake minne. Alikunjua mkeka wa zamani, akaupigapiga vumbi, akarudi mlangoni na kusimama mahali pale pale aliposimama asubuhi.

"Mama Kiilu," akaita, "kochi limeondoka, sasa utaacha kunisalimia dirishani? Mzee wa serikali, karibu nawe, mkeka ni mpana. Na wewe, Baba Kiilu, usikae hapo unanitazama. Kuna sahani uliniachia nusu Jumapili ile, na deni hilo hakuna jaji atakayekufutia. Vua viatu, uingie ule."