Chini ya Mifupa ya Nyangumi

Dada mtu aliingia kwenye jumba la makumbusho ananukia marashi, kamshika mume mpya mkono, na aibu hana hata ya kuazima. Alikuja kutaka mtoto.

"Mdogo wangu, wewe uko peke yako, huna mbele wala nyuma. Sisi hatujajaliwa. Tupe huyu mwanao tumlee, damu nzito kuliko maji."

Mdogo mtu, ambaye kazi yake pale ni kutembeza wageni, alitabasamu kwa meno tu. Dada huyu ndiye aliyemwachia kichanga ndani ya shuka, kitovu hakijakauka, akasema anafika dukani mara moja. Duka gani la kwenda miaka tisa? Mtoto alikua akimwita yeye mama, na aliyemzaa akamwita mama mkubwa. Mume mpya, maskini, hakujua lolote. Alidhani anaomba mtoto wa shemeji yake.

"Kwanza nifanye kazi yangu," alisema mdogo mtu, akawasimamisha chini ya mifupa ya nyangumi iliyoning'inia darini. Mtoto, aliyeyajua maelezo yote kwa moyo, akaja kumshika mkono.

"Watu humwita samaki. Si samaki. Samaki ana matamvua. Huyu ana mapafu kama wewe, shemeji, asipopanda juu kuvuta pumzi anakufa. Mkia wa samaki huenda kushoto na kulia, wa huyu juu na chini."

Angeweza kuishia hapo. Lakini kisu alikuwa ameshakichomoa, na hakutaka kukirudisha alani.

"Tena samaki wengi hutaga, wakaenda zao. Yai likiugua, hawana habari. Nyangumi huzaa, akanyonyesha, akakaa na mwanawe. Kuna samaki alitaga nyumbani kwangu, shemeji. Muulize mkeo, dukani alikwenda kununua nini?"

Mume akamgeukia mkewe. Mwenye marashi akarudi nyuma hatua moja. Mdogo mtu alisikia raha tamu kuliko asali, raha aliyoingoja miaka yote ile. Na aumbuke!

Kisha mkono mdogo ukachomoka kutoka mkononi mwake.

"Mama, hiyo ya yai hujawahi kuwaambia wageni." Mtoto alimtazama mama mkubwa, akamtazama na yeye. "Yai lenyewe ni mimi?"