Matofali Yasiyochomwa

Mshale wa mashine ya kubana ulipanda hadi nusu, ukasita, kisha tofali likavunjika kwa sauti ndogo kama biskuti. Binti akaweka la pili. Likavunjika mapema zaidi. La tatu halikuhitajika, lakini aliliweka, kwa sababu meneja alikuwa amesimama nyuma yake, na hakutaka kugeuka.

Miezi saba alikuwa ameyapigania matofali yale. Kiwanda kilichoma udongo mchana na usiku, na moshi wa matanuri ulitua kwenye nguo zilizoanikwa katika nyumba za wafanyakazi, ukatua na vifuani mwao. Matofali yaliyoungua vibaya yalimwagwa korongoni pamoja na kifusi cha majengo yaliyobomolewa. Binti, aliyetoka chuoni mwaka uliopita akiwa na cheti na matumaini tele, alisema kifusi kile kisagwe, kichanganywe na majivu ya tanuri na saruji kidogo, kikandamizwe, kikomae kwa maji bila kuguswa na moto. Wapakiaji walicheka hadi wakashika mbavu. Wakambatiza Bi Kifusi.

Meneja alimpa nafasi moja. Matofali sitini, siku ishirini na nane. Yakifaulu, mnunuzi angeyachukua na tanuri kubwa lingezimwa. Yasipofaulu, habari imekwisha.

"Pole," meneja alisema sasa. "Nampigia mnunuzi saa kumi."

"Bosi, yale ya majaribio madogo yalibeba mara mbili ya hapa. Kuna kitu kimeyapata haya."

"Basi kijue kabla ya saa kumi."

Alikwenda moja kwa moja kwa mpakiaji, yule mwenye mdomo kuliko wote, ambaye Binti alikuwa amemwachia kazi ya kuyamwagilia matofali siku tano alizolala na homa.

"Ulimwagilia?"

"Ningemwagilia nini, Bi Kifusi? Matofali hayakuwepo. Mzee aliyabeba kwa toroli, akayapanga nyuma ya tanuri kubwa. Nikasema mimi nani wa kumuuliza mzee? Siku moja kabla hujarudi akayarudisha, akayafunika na magunia yake mabichi vilevile."

 Mzee, hapo kiwandani, alikuwa mmoja tu: mchomaji mkuu, aliyelisha tanuri kubwa miaka thelathini na moja, aliyejua joto kwa kutazama rangi ya moto kwenye tundu. Mzee huyo ndiye aliyemzaa.

Alimkuta mbele ya mdomo wa tanuri, koleo mkononi, wachomaji wawili wakiwa kando yake.

"Baba, umeniua," alisema, wala hakujali nani anasikia. "Kama hukutaka tanuri lako lizimwe ungeniambia nyumbani. Tunakula meza moja kila siku. Kwa nini uyaue matofali yangu kwa siri?"

Wachomaji wakainamisha vichwa. Baba yake aliegemeza koleo ukutani polepole, akakohoa kile kikohozi chake kirefu, akangoja kipite.

"Yamekufa?"

"Yanavunjika kama biskuti. Yalitakiwa yabaki na maji, baba. Siku zote ishirini na nane. Maji ndiyo yanayoyakomaza."

"Maji," baba alirudia. Alitazama viganja vyake. "Mimi tofali nalijua hivi, mwanangu. Likiingia motoni au kwenye mtihani na unyevu, linapasuka. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyowafundisha hawa. Wewe umelala na homa, mimi nakuja nakuta matofali yako yameloa chapachapa chini ya magunia. Nikasema huyu mtoto ameugua, hakuna wa kumkaushia. Nikayapeleka penye joto zuri, pale ukutani nyuma. Nikawa nayageuza kila asubuhi, upande huu na upande huu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimekusaidia mtihani? Ungekataa. Nikayarudisha nilivyoyakuta, ukiamka usione kazi yako imevurugwa." Sauti yake ikashuka. "Nilitaka yafaulu. Nilitaka wewe ndiye unizimie moto huu. Nimechoka nao, mama."

 Binti alitamani arudishe yale aliyoyasema mbele ya wale vijana wawili, lakini yalikwisha toka.

Saa kumi kasoro alisimama ofisini kwa meneja.

"Yalikaushwa," alisema. "Siku kama nne, kabla hayajakomaa. Mchanganyiko hauna kosa."

"Nani aliyakausha?"

Sheria ya kiwanda aliijua: anayegusa mali ya majaribio hufukuzwa siku hiyohiyo. Baba alibakiza miezi minane astaafu.

"Kosa ni langu. Maelekezo niliyaandika kwenye daftari langu, nikalifungia kabatini. Sikumweleza mtu yeyote pale chini kwa nini tofali hili linataka maji. Nilidhani wananicheka tu, hawana haja ya kujua."

Meneja aliivuta simu karibu. Hakuwa mtu mbaya. "Ningekupa nafasi nyingine kama ingekuwa yangu," alisema. "Mnunuzi hangoji mwezi mwingine. Atachukua ya kuchoma, mwaka mzima." Akanyanyua simu.

Uani, lori la kifusi lilikuwa linarudi nyuma kuelekea korongoni. Baba alimngoja kando ya mlango, kofia mkononi.

"Niende nikamwambie ni mimi."

"Haitabadilisha kitu, baba. Ameshampigia. Mwaka mzima."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

"Nisamehe kwa nilivyosema kule," binti alisema.

"Ulisema kwa uchungu. Mimi niliharibu kwa mikono." Alivaa kofia. "Hayo maji. Unamwagilia mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili. Asubuhi na jioni. Jua likiwa kali, mara tatu."

"Mara tatu," alisema, akiiweka kichwani.

King'ora cha zamu kikalia. Wachomaji wake walikuwa wanamwita, joto lilikuwa linashuka na tanuri lilikuwa limejaa mzigo. Alikohoa, akamgusa binti yake begani, akaenda kuulisha moto.