Mke wa Rugaba

Rugaba, tajiri wa malori huko Buffalo aliyefiwa na mkewe, alipomposa Kirezi, mama mtu alipiga vigelegele mpaka majirani wa Reynoldsburg wakachungulia. Kirezi alimpenda Kalisa wa Louisville, mpakiaji mizigo ghalani asiye na kitu.

"Utakula mapenzi?" mama akamuuliza.

Basi Kirezi akakubali kwenda Kenmore, kando ya Buffalo, kuiona nyumba ya Rugaba, akifuatana na dada yake mkubwa, Mutesi. Ilikuwa nyumba kubwa, safi, na kimya mno. Rugaba aliwakaribisha chai mchana kweupe, akapanga vikombe vinne.

"Kaka, mbona tuko watatu?" Mutesi akauliza.

Rugaba alitabasamu tu, akakisogeza kikombe cha nne mbele ya kiti kitupu. Ndipo Kirezi akasikia mtu akishuka ngazi polepole. Ngazi alikuwa akiziona, na hapakuwa na mtu. Hatua zikakoma penye kile kiti, na chai ikaanza kupungua kikombeni.

"Amekupenda," Rugaba akasema kwa upole. "Wale wengine aliwakataa."

Nywele zilimsimama Kirezi. Lakini kilichomtisha zaidi ni ile furaha usoni mwa Rugaba.

"Kaka, wewe bado una mke," akamwambia, akamshika Mutesi mkono, wakatoka.

Waliporudi Reynoldsburg, mama alifoka, akamwita Kirezi mjinga. Mutesi alipomsimulia yote, mama alijifunika kitenge mabegani.

"Bon, basi," akasema mwishowe. "Mwambie huyo Kalisa alete wazee wake."