Siku Biskuti Zilipotaka Kunisemea kwa Mama

Usiku wa jana niliota, jamani, na nawaambia kabla hata sijanawa uso maana nikikaa nayo nitapasuka.

Kwanza mjue hili, ambalo si ndoto. Kundi letu la wapenda teknolojia hapa Mbeya hukutana nyuma ya saluni ya dada Tumpale. Jana tulizungumzia faragha mtandaoni mchana kutwa. Mwenyekiti wetu, kaka Ambwene, ana sheria yake: simu zetu zote zifunguliwe kwa neno la siri moja, eti ndiyo umoja, mtu akisahau anamuuliza jirani. Analiandika ubaoni. Halafu tunapiga picha ya pamoja mbele ya ubao, anairusha mtandaoni.

"Kaka Ambwene, neno la siri linaonekana," nikamwambia.

"Sekela, tulia. Nani ataangalia ubao na nyie warembo mmesimama hapo?"

Nikalala na hasira. Na simu yangu ina jambo. Leo washenga wa Ezekia wanakuja nyumbani, na mimi Ezekia simtaki. Sijamwambia mtu. Nimeandika tu kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena.

Sasa ndoto.

Niko kikaoni. Neno la siri linashuka ubaoni, linakaa kwenye benchi langu. Ni kijamaa kimekonda, kimevaa soksi bila viatu, kinakohoa.

"Habari, dada. Mimi Mbeya1234."

"Nakujua. Mbona unakohoa?"

"Mimi dhaifu. Hamkuambiwa? Tangu picha ipande mtandaoni, kila anayepita ananisukuma naanguka."

Kabla sijajibu, simu yangu inafunguka yenyewe kama kabati bovu, na biskuti zinatoka. Za duara, zina sukari juu, zimepanga mstari kama wanafunzi wanaokwenda mchakamchaka. Ndizo zile wanazoziita 'cookies': kila tovuti niliyowahi kuingia imeniwekea moja, ikumbuke nilichofanya.

"Tunakukumbuka," ya mbele inasema. "Wewe uliangalia viatu vyekundu, ukaondoka, ukarudi kuviangalia. Halafu ukaandika kwamba Ezekia humtaki."

"Mnakwenda wapi?"

"Jikoni kwa mama yako. Tunampelekea habari."

"Nani kawatuma?"

"Wewe. Ulibonyeza Kubali Vyote."

"Nilikuwa na haraka!"

"Kila mtu huwa na haraka," inasema kwa upole, na zinaondoka.

Namgeukia kaka Ambwene. Anachezea nyaya, hana habari. "Pita njia ya kificho, ile VPN," anasema. "Utafika bila kuonekana." Ananionyesha beseni la kufulia. Naingia. Natokea kwenye theluji.

Askari mwenye kofia ya manyoya ananipigia saluti. "Karibu Uswisi."

"Mimi niko Mbeya! Nakimbilia Uyole, jikoni kwetu!"

"Mtandao unasema uko Uswisi. Vaa koti."

"Kaka, mama yangu anakaribia kula biskuti inayojua mambo yangu."

"Basi vaa koti haraka."

Navaa. Nafungua mlango wa kwanza ninaouona, na ndio mlango wa jikoni kwetu, ila umezibwa na sanduku la kioo lenye picha. Linaniambia: "Thibitisha wewe si roboti. Chagua picha zote zenye shangazi."

Zote ni shangazi Tupokigwe. Shangazi anacheka, shangazi anasuka, shangazi ananuna. Moja ina kiwiko tu.

"Kiwiko nacho ni shangazi?"

"Sisi hatusaidii," sanduku linajibu.

Nachagua kiwiko. Linasema nimekosea. Nakiacha. Linasema nimekosea. Napiga kelele, "Roboti gani angekasirika hivi?" Linafikiri, halafu linafunguka.

Mama amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Biskuti zimejipanga kwenye sahani, zimetulia kama wageni wenye adabu. Mbeya1234 naye yumo, anaota moto.

"Nibadilishe upesi," ananinong'oneza. "Ukipata neno imara, hizi zinanyamaza."

Nashika simu. Naandika jina la paka wetu. Simu inasema: "Dhaifu." Naandika jina la paka na mwaka. "Dhaifu, na paka anasikitika."

"Unataka nini wewe?"

"Herufi kubwa. Alama. Na jambo ambalo hujamwambia mtu yeyote."

Mama anachovya biskuti kwenye chai. Anainyanyua. Biskuti inafungua mdomo.

Naandika: SimtakiEzekia!

"Imara sana," simu inasema, na kwa mara ya kwanza inanipa heshima. Biskuti inalegea, inadondoka kwenye kikombe, kimya. Mbeya1234 anapiga chafya mara moja na hayupo.

Nikaamka.

Asubuhi, jogoo, harufu ya kitunguu. Nikacheka peke yangu, nikachukua simu, nikaandika Mbeya1234 kama siku zote. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Nikaandika SimtakiEzekia! na alama yake ya mshangao.

Ikafunguka.

Mlango ukagongwa. "Sekela! Washenga wako njiani na wewe bado uko kitandani?"

Nikaangalia simu. Nikaona kama kidude cha plastiki kinaweza kujua ukweli wangu, mama naye anastahili kuujua.

"Mama, simtaki Ezekia."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Mwe! Sasa huyo kuku niliyemchinja alfajiri nani atamrudishia shingo? Ungesema jana, mwanangu, angelala salama."

"Umekasirika?"

"Sana. Inuka uoge. Watakula, kisha nitawaambia mwenyewe, na wewe utakaa pembeni yangu usitabasamu."

Basi ndiyo nakwenda kuoga sasa hivi. Ila nina shida. Mama amejua, kwa hiyo lile neno si la siri tena, na simu imeanza: "Dhaifu. Dhaifu. Weka jambo ambalo hujamwambia mtu yeyote."

Nimetafuta kichwa kizima, jamani. Sina. Nimeshawaambia yote.