Bega la Bibi na Makovu Yasiyomridhisha

Kwanza niliona povu lililokauka kwenye kiganja cha kushoto cha Bibi. Cha kushoto, mkono uliotakiwa kutulia ndani ya kitambaa kilichofungwa shingoni kwa wiki sita. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu tu.

"Bibi, umefua?"

"Mimi? Zimejifua zenyewe."

Kambani palikuwa na mashuka mawili, yamekamuliwa hadi hayadondoshi hata tone. Shuka halikamuliwi kwa mkono mmoja.

Aliyetuponza ni daktari na ufundi wake. Bibi alipovunjika mfupa chini ya bega, hakumpasua bega zima. Alimchana sehemu mbili tu, akapenyeza bamba la chuma chini ya nyama, akalikaza kwa skrubu. Kovu moja halifiki urefu wa kidole, la pili kama ukucha. Bibi akayadharau. Kila mgeni alifunuliwa bega ajionee.

"Hii nayo ni operesheni? Kiatu kipya kimewahi kuniumiza zaidi."

Nilimwambia mfupa bado haujaunga, na skrubu zikichomoka hatainua mkono tena, hata kuchana nywele atashindwa.

"Udaktari umesomea wapi, wewe uliyeishia darasa la tano?"

Nikaenda kuyatandaza mashuka kambani.

Siku ya kliniki daktari aliinua picha ya bega kwenye mwanga, akakunja uso.

"Skrubu moja imeanza kurudi nyuma. Mama, unaufanyisha kazi mkono huu?"

"Kazi gani, mwanangu? Huyu mjukuu hata kijiko ananinyang'anya."

Akanikata jicho. Daktari naye akanigeukia.

"Anafua," nikasema. "Anakamua mashuka."

"Umbeya huo!"

"Na juzi alihamisha godoro."

Daktari akashusha pumzi. Alisema atampiga picha nyingine baada ya wiki mbili. Skrubu ikiwa imezidi kusogea, atampasua upya, na safari hiyo bega zima.

Bibi akacheka. "Angalau kovu litaonekana."

Sijawahi kumpandishia Bibi sauti tangu aanze kunilea. Siku hiyo ilipanda yenyewe, mbele ya daktari na muuguzi.

"Nimechoka na wewe, Bibi! Ukiuharibu mkono huo, mimi ndiye nitakayekuogesha, nikuchane, nikufunge vifungo maisha yako yote. Na nitafanya. Lakini kila siku nitakuwa nimekukasirikia."